Fimbo ya mzazi mbele ya sheria ya Kenya: kilichokwisha katazwa na kinachobaki kuandikwa

WakiliBuruburu (ameanzisha uzi)

Wadau, kila sheria za watoto zinapotajwa hapa Nairobi hoja mbili hugongana. Ya kwanza husema mzazi wa Kenya bado ana ruhusa ya kumchapa mtoto "kwa kiasi". Ya pili husema kofi moja tu na mzazi yuko jela ya Industrial Area. Zote mbili si kweli, na kila moja inaumiza watu kwa namna yake. Tuweke sheria mezani.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 29, inampa kila mtu uhuru na usalama wa nafsi yake. Haisemi kila mtu mzima. Aya ya (c) inamkinga dhidi ya ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka serikalini au kwa mtu binafsi. Aya ya (e) inataja adhabu ya viboko waziwazi. Kifungu cha 53(1)(d) kinaongeza kinga ya mtoto dhidi ya aina zote za ukatili pamoja na adhabu za kinyama. Wanaosema haya yanaihusu serikali pekee wasome Kifungu cha 20(1): Sheria ya Haki (sura ya haki za msingi ndani ya Katiba yenyewe) inavifunga vyombo vyote vya dola na watu wote. Mzazi ni mtu. Sebule yake imo.

Ruhusa ya zamani ilikuwa wapi? Sheria ya Watoto ya 2001, sehemu ya 127, ilifanya ukatili kwa mtoto kuwa kosa, lakini ilivyotungwa ilikuwa na kijisehemu cha (5) kilichosema kwamba hakuna lolote humo linalogusa haki ya mzazi au mlezi kutoa adhabu ya kadiri. Hapo ndipo mawakili walipojificha. Katiba ilipopita, Kifungu cha 2(4) kikasema sheria yoyote inayokwenda kinyume nayo ni batili kwa kiwango hicho. Kisha Sheria ya Watoto ya 2022 (Namba 29), iliyoanza kutumika tarehe 26 Julai 2022, ikaifuta ile ya 2001 yote.

Chimbuko la "kadiri" lenyewe ni Uingereza, kesi ya Hopley, 1860. Mwalimu alimpiga mwanafunzi wa Eastbourne hadi akafa. Alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia, lakini jaji Cockburn akatamka kwamba mzazi au mwalimu anaweza kutoa adhabu ya mwili iliyo ya kiasi ili kumrekebisha mtoto. Kanuni hiyo ikasafiri na ukoloni. Mpaka leo Sheria ya Mahakama, Sura ya 8, sehemu ya 3, inaruhusu mahakama zetu kutumia kanuni za mahakama za Uingereza zilizokuwepo tarehe 12 Agosti 1897. Lakini sehemu hiyohiyo inaitanguliza Katiba. Atakayemleta Hopley katika mahakama ya Milimani leo atakutana na Kifungu cha 29 mlangoni.

Swali langu kwenu: Katiba inatosha, au Bunge liandike katazo kwa maneno ambayo mzazi wa kawaida anaweza kuyasoma?

---

MzeeKayole

Wakili, shukrani kwa kuweka vifungu. Mimi nasimama upande wa pili na nitasema bila kuficha.

Samaki hukunjwa angali mbichi. Kanisani tunasoma Mithali 13:24, kwamba asiyetumia fimbo humchukia mwanawe, na wazee wetu hawakuwa wakatili. Hapa Eastlands mtoto wa miaka kumi na miwili anawindwa na magenge, na mzazi anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa mbili usiku. Ukimnyang'anya fimbo unampa nini badala yake?

Nina hofu tatu. Baba akifungwa, nani atalipa kodi ya nyumba na karo? Jirani mwenye kinyongo akipiga simu ya uongo, nani atamzuia? Na mtoto akijua neno "sheria", hatamtisha mama yake nalo kila akitumwa dukani? Nijibiwe hizo tatu.

---

WakiliBuruburu

Mzee, nijibu ya kwanza na ya pili. Ya tatu nawaachia wanaojua malezi.

Makosa yenyewe si mapya. Yako kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, siku nyingi: sehemu ya 250, shambulio la kawaida, hadi mwaka mmoja, sehemu ya 251, shambulio lililosababisha madhara ya mwili, hadi miaka mitano, sehemu ya 234, madhara makubwa, hadi kifungo cha maisha. Kuondoa ruhusa ya "kadiri" hakuongezi kosa. Kunamwondolea mtuhumiwa utetezi ambao asingekuwa nao kama angempiga jirani yake.

Kati ya kofi na jela kuna vichujio. Polisi huchunguza kwanza. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anabanwa na Kifungu cha 157(11): lazima azingatie maslahi ya umma, utoaji haki, na kuzuia matumizi mabaya ya sheria. Jirani mwenye kinyongo anakwama hapo, kwa sababu simu si ushahidi. Kesi ikifika mahakamani, sehemu ya 176 ya Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai inamruhusu hakimu kuhimiza suluhu katika shambulio la kawaida na makosa ya kibinafsi yasiyo mazito. Na hata mtu akipatikana na hatia, sehemu ya 35 ya Kanuni ya Adhabu inaruhusu aachiliwe bila adhabu au kwa masharti.

Hivyo ndivyo hata Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilivyosema katika Maoni ya Jumla Namba 8 ya 2006: kumlinda mtoto sawa na mtu mzima hakumaanishi kila mzazi ashtakiwe. Sheria haishughuliki na mambo madogo kati ya watu wazima, na kwa mtoto ni vivyo hivyo. Mashtaka yaje pale tu yanapohitajika kumwokoa mtoto na madhara makubwa, na yakiwa kwa manufaa yake.

---

AfisaMstaafu_Watoto

Wakili, hapo kwenye suluhu naomba tusimame kidogo, kwa sababu ndipo kesi nyingi zinapooza.

Suluhu ni kati ya nani na nani? Aliyepigwa ni mtoto. Wanaokaa kwa chifu na kuandikiana barua ni baba, mama, mjomba, na mzee wa mtaa. Wanakubaliana dawa inunuliwe, yaishe. Mtoto hakuulizwa, na jioni analala chumba kilekile na aliyempiga. Kifungu cha 159 cha Katiba kinaruhusu njia za jadi za kutatua migogoro, lakini 159(3) kinakataza zisitumiwe kuvunja Sheria ya Haki. Karatasi ya chifu haiwezi kumwondolea mtoto Kifungu cha 29.

Suluhu inayofaa ina mambo manne ndani yake: afisa wa watoto yupo, mtoto amesikilizwa peke yake, mbali na mzazi, mzazi ametaja kwa kinywa chake atakachofanya badala ya kupiga, na tarehe ya kurudiwa imeandikwa. Bila tarehe hakuna ufuatiliaji.

Sasa taratibu, maana wengi hawazijui.

Simu ni 116, bure, saa 24. Anayepiga aseme eneo na alama ya karibu ("nyuma ya stejini" haitoshi, taja ploti au kanisa), umri wa mtoto kwa kukisia, nani wanaishi hapo, na kama hatari iko sasa hivi au ilikuwa jana. Jina la anayepiga si lazima.

Kama mtoto ameumia, hospitali kwanza, kituo cha polisi baadaye. Watu hugeuza mpangilio huu na kupoteza saa nne kwenye benchi. Hospitalini dai maandishi ya matibabu yenye tarehe na saa. Kituoni hakikisha tukio limeingizwa kwenye OB (kitabu cha matukio cha polisi) na upewe namba. Sikiliza linavyoandikwa. Likiandikwa "ugomvi wa nyumbani" bila kutaja mtoto, umri wake na aliyempiga, faili hiyo imeshadhoofika kabla wino haujakauka. Omba fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha. Polisi hujaza sehemu yao, daktari hujaza yake. P3 yenyewe ni ya bure.

Afisa wa watoto yuko katika ofisi ya kaunti ndogo. Yeye huenda nyumbani, hutazama mtoto analala wapi, hula nini, huenda shule ipi, na kama kuna ndugu wa karibu anayeweza kukaa naye kwa muda. Kumwondoa mtoto ni hatua ya mwisho. Mtoto akiondolewa, jamaa ndio wa kwanza kufikiriwa. Makao ya watoto ni ya mwisho kabisa, na yakiwa mbali na shule yake mtoto huona ni yeye aliyeadhibiwa.

Kinachoharibika mara nyingi: mtoto anahojiwa mbele ya mama yake, anasema alianguka. P3 inajazwa wiki mbili baadaye, alama zimefifia. Shahidi, ambaye ni mpangaji wa jirani, amehama. Mama ndiye mlalamikaji na baba ndiye anayelipa kodi, kwa hiyo anaondoa malalamishi. Hili la mwisho halitatuliwi na polisi. Linatatuliwa na mtu wa kumsaidia mama kodi ya mwezi mmoja, na bajeti zetu za ulinzi wa watoto hazijalifikiria.

---

DaktariWaZamu

Naongeza upande wa hospitali, kwa sababu P3 hufa pia mezani petu.

Michubuko ya kucheza hukaa kwenye mifupa ya mbele: goti, muundi, paji la uso, kiwiko. Michubuko ya kupigwa hukaa matakoni, nyuma ya mapaja, mgongoni, masikioni, shingoni. Kwa mtoto wa chini ya miaka minne, mchubuko wa kiwiliwili, sikio au shingo uchunguzwe kwa makini. Kwa mtoto wa chini ya miezi minne mchubuko wowote ule unatia shaka, kwa kuwa bado hajaweza kujigonga mwenyewe.

Fimbo, waya wa umeme na mpira wa maji huacha mistari miwili sambamba yenye ngozi nyeupe katikati, kwa sababu damu husukumwa pembeni. Waya uliokunjwa huacha umbo la kitanzi. Mshipi wenye kifungo cha chuma huacha umbo la kifungo. Andika umbo, urefu kwa sentimita, mahali na idadi. Usiandike "multiple injuries" (majeraha mengi) ukaishia hapo. Wakili wa upande wa pili ataibomoa sentensi hiyo kwa swali moja. Piga picha ukiweka rula kando ya jeraha. Na usikisie siku ya jeraha kwa kutazama rangi ya mchubuko. Zambarau, kijani, manjano: rangi hazitoi tarehe ya kutegemewa, na ukikisia vibaya umemwokoa aliyepiga.

Hatari ambayo wazazi hawaijui ni mkojo. Mtoto aliyechapwa sana mapajani na matakoni, hata bila mfupa kuvunjika, misuli yake hupondeka na kumwaga kemikali kwenye damu. Figo huziba. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi au kola baada ya kipigo, hiyo ni dharura ya usiku huohuo. Kofi la sikioni hupasua kiwambo cha sikio, na mtoto akaitwa mkaidi darasani kumbe hasikii. Kumtikisa mtoto mchanga anayelia kunaweza kumwua bila alama yoyote nje.

Ndiyo maana neno "kadiri" kwangu ni hatari. Mwenye hasira hana kipimo mkononi.

---

MzeeKayole

Daktari, hiyo ya mkojo naamini wengi hatukuwa tunaijua. Nashukuru.

Lakini mnanijibu kwa kutaja waya na mshipi. Hakuna anayetetea waya. Kwa nini sheria isiseme tu: mkono wazi, matakoni, basi? Si Kanada walifanya hivyo?

---

MtafitiHuru

Mzee, swali lako ndilo lililojadiliwa dunia nzima, kwa hiyo tulitazame kwa nchi.

Kanada: Mahakama ya Juu 2004 iliacha sehemu ya 43 ya sheria yao ya jinai ibaki, lakini ikaifinya. Mtoto awe kati ya miaka 2 na 12, bila chombo, bila kugusa kichwa. Tatizo lake ni la utekelezaji. Mzazi aliyeko katikati ya hasira hasomi hukumu ya mahakama. Anachokumbuka ni kwamba kupiga kunaruhusiwa, mipaka haikumbuki.

Uingereza walijaribu kufinya pia. Baada ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kuamua mwaka 1998 dhidi yao, katika kesi ambayo baba wa kambo alimpiga mtoto kwa mwanzi na baraza la mahakama likamwachilia, Bunge lilitunga sehemu ya 58 ya Sheria ya Watoto ya 2004. Ikaacha "adhabu ya kadiri" kwa shambulio dogo pekee. Uskoti ikaona kufinya hakutoshi, ikaufuta utetezi wote kwa sheria ya 2019, kuanzia tarehe 7 Novemba 2020. Wales ikafuata tarehe 21 Machi 2022. England bado.

New Zealand ni somo zuri zaidi kwa mwandishi wa miswada. Mwaka 2007, kwa mswada wa mbunge Sue Bradford, wabunge 113 dhidi ya 8 waliiandika upya sehemu ya 59 ya sheria yao ya jinai ya 1961. Toleo jipya linaruhusu nguvu kwa kuzuia: kumvuta mtoto barabarani, kumtenganisha na anayempiga, kumshika abadilishwe nepi. Halafu linasema wazi kwamba hakuna nguvu inayohalalishwa kwa lengo la kumrekebisha. Na kijisehemu cha (4) kinathibitisha kwamba polisi wana hiari ya kutoshtaki jambo dogo lisilo na maslahi ya umma. Mzee, hofu yako ya kwanza imeandikwa ndani ya sheria yao. Hata hivyo, kura ya maoni ya 2009 ilionyesha zaidi ya asilimia 87 ya waliopiga hawakuipenda. Sheria imebaki. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba watu hushangilia kwanza. Mara nyingi sheria hutangulia.

Afrika Kusini walipitia mahakamani. Tarehe 18 Septemba 2019 Mahakama ya Katiba, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Mogoeng, iliufuta utetezi wa mzazi uliotokana na kanuni za mahakama. Walioupigania walikuwa shirika la kidini, na Mahakama ilizisikiliza hoja zao za maandiko kwa heshima kabla ya kuamua.

Uswidi ndiyo ya kwanza duniani, lakini haikuruka. Mwaka 1957 ilitoa utetezi kwenye sheria ya jinai, 1966 ikaondoa kifungu cha mzazi "kukemea" kwa mkono. Ikanyamaza. Watu wakabaki hawajui kama kunyamaza ni kukataza. Ndipo 1979 ikaandika sentensi moja katika sheria ya familia kwamba mtoto asipewe adhabu ya mwili wala tendo lingine la kumdhalilisha. Hakukuwa na adhabu ya jela ndani ya sentensi hiyo. Wakachapisha kijitabu kikapelekwa katika kila nyumba yenye watoto, na ujumbe ukawekwa hadi kwenye pakiti za maziwa ili uonekane wakati wa kifungua kinywa.

Kwetu Katiba ilifanya kazi ya 1979 kwa ndani, bila pakiti za maziwa.

---

ShangaziPangani

Mzee, nakujibu ile ya tatu, ya mtoto kutisha, na lile swali la "utampa nini badala yake".

Mtoto humtisha mzazi kwa sheria pale ambapo fimbo ilikuwa ndiyo mamlaka pekee nyumbani. Fimbo ikienda, mamlaka yanaenda nayo. Kwa hiyo mamlaka hujengwa kabla, si wakati wa ukaidi.

Utafiti haujaacha shaka kubwa. Watafiti Gershoff na Grogan-Kaylor, 2016, walikusanya tafiti 75 zenye watoto zaidi ya 160,000. Katika matokeo 17 waliyoyapima, 13 yalihusiana na kuchapwa, na yote yaliegemea upande mbaya: ukali zaidi, uhusiano mbaya na mzazi, matatizo ya akili. Hawakuona kwamba kuchapwa kunamfanya mtoto atii zaidi baadaye. Sababu mzazi yeyote anaifahamu: kipigo cha kwanza hutuliza, cha kumi hakitulizi, basi mkono unaongezwa uzito. Vipigo vingi vibaya vilianza na "kidogo tu".

Badala yake, kwa mtoto wa miaka 3 hadi 8:

Toa amri moja, fupi, ukiwa karibu na macho yake. "Weka viatu chini ya kitanda", si "hebu acha uchafu". Hesabu kimya hadi tano bila kurudia. Akitii, taja alichofanya: "umeweka viatu". Asipotii, rudia mara moja tu ukisema matokeo, na matokeo yawe madogo na ya leo. Kumwambia hataenda ushago Desemba na sasa ni Machi hakuna maana kwake.

Kumkalisha kando: dakika moja kwa kila mwaka wa umri, pasipo giza, pasipo kufungiwa mlango, bila hotuba. Katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, kona au kigoda kinatosha. Wengi hushindwa kwa sababu mbili: humkalisha nusu saa, au huendelea kumgombeza akiwa amekaa. Hapo hakuna tofauti na kelele.

Kwa kijana wa 12 ambaye Mzee anamhofia, kigoda hakifai. Huyo anahitaji makubaliano ya saa za kurudi yaliyosemwa mbele ya mtu mzima wa pili, matokeo yanayojulikana kabla, na robo saa ya mazungumzo kila siku ambayo hayahusu makosa yake. Magenge yanamvuta kwa kumpa kusikilizwa. Fimbo inamsukuma huko haraka zaidi.

---

MwalimuGithurai

Kwa shule jibu lipo tayari na watu bado wanalipuuza. Kiboko cha shule kiliondolewa kwenye kanuni mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 36, inakataza, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Viboko vya mahakama navyo vilifutwa 2003.

Lakini wazazi huja shuleni wakimwambia mwalimu "nakuruhusu umchape". Ruhusa hiyo haina nguvu. Mzazi hawezi kumpa mtu mwingine asichokuwa nacho yeye.

---

WakiliBuruburu

Kuna jambo la kiufundi nilitaka lionekane kabla hatujaandika chochote. Kifungu cha 25 cha Katiba kina orodha ya haki zisizoweza kuwekewa mipaka hata kidogo, ikiwemo uhuru dhidi ya mateso na adhabu za kikatili au za kudhalilisha. 29(e), kinachotaja viboko, hakimo katika orodha hiyo kwa jina. Kwa hiyo mbunge mwenye bidii anaweza kujaribu kurudisha "adhabu ya kadiri" kupitia Kifungu cha 24, kinachoruhusu haki nyingine kuwekewa mipaka. Atapata shida: 24(2) kinadai sheria hiyo iseme waziwazi haki inayobanwa, namna na kiwango, na isiguse kiini cha haki. Lakini jaribio linawezekana. Ndiyo sababu yangu ya kutaka katazo liwe pia kwenye sheria ya Bunge, kwa lugha nyepesi.

Rasimu:

"(1) Mtu yeyote, akiwemo mzazi, mlezi, ndugu au mfanyakazi wa nyumbani, asimpe mtoto adhabu ya mwili. (2) Adhabu ya mwili ni matumizi ya nguvu kwa nia ya kumsababishia mtoto maumivu au usumbufu, hata yakiwa madogo, kwa lengo la kumwadhibu au kumrekebisha. (3) Kanuni yoyote ya mahakama inayotoa utetezi wa adhabu ya kadiri imefutwa. (4) Nguvu ya kiasi inayotumika kumzuia mtoto asijidhuru au asidhuru mwingine, au katika matunzo ya kawaida, si adhabu ya mwili. (5) Katika kuamua kushtaki, manufaa ya mtoto na uzito wa tendo vizingatiwe."

---

AfisaMstaafu_Watoto

Kijisehemu cha (1) ongeza "mwalimu wa shule, madrasa, au shule ya Jumapili, na mhudumu wa kituo cha kulelea watoto". Vituo vya watoto wachanga vya mitaani viko kwenye vyumba vya kukodi, na huko hakuna anayejiita mlezi.

Na (5) haitoshi. Iseme afisa wa watoto atoe taarifa ya familia kabla ya uamuzi wa kushtaki, isipokuwa pale penye jeraha kubwa au hatari ya papo hapo. Bila hivyo faili hufika kwa mwendesha mashtaka ikiwa na OB na P3 peke yake, naye hajui kama ni kipigo cha kwanza au cha hamsini.

---

MzeeKayole

Nimesoma yote. Kijisehemu cha (4) kimenituliza kwa ile ya kumvuta mtoto barabarani. Bado naamini mzazi lazima awe na neno la mwisho nyumbani, ila nakubali neno si fimbo.

Mimi nataka cha (6): serikali itoe mafunzo ya malezi bila malipo katika kila wadi, jioni au Jumapili mchana, kwa Kiswahili na lugha za wenyeji, na mzazi wa kosa dogo apelekwe huko kabla ya mahakama. Msiandike "apelekwe kwenye mafunzo" kama mafunzo hayapo, au yako mjini kwa nauli ya shilingi mia mbili kwenda na kurudi. Hilo litakuwa adhabu kwa maskini pekee.

---

MtafitiHuru

Cha (6) ndicho kinachotenganisha nchi zilizofaulu na zilizochapisha tu. Weka pia cha (7): ripoti bungeni kila miaka mitatu, kwa vipimo vya utafiti uleule. Tunao msingi: utafiti wa kitaifa wa 2010 ulionyesha asilimia 66 ya wanawake na 73 ya wanaume vijana walipata ukatili wa kimwili kabla ya miaka 18. Ule wa 2019 ulionyesha viwango vimeshuka. Kushuka huko kuendelee kupimwa.

---

WakiliBuruburu

Nimeyapokea yote matatu. Sasa njia ya kuyapeleka, kwa wanaouliza. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, libadilishe au lifute sheria. Ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Sheria ya maombi ya 2012 inaruhusu. Liwe limechapwa au kuandikwa kwa mkono bila kufutwafutwa, lugha ya heshima, mada ionekane kwenye kila ukurasa. Lieleze kama jambo limepelekwa kwa ofisi husika na jibu lilikuwa nini, na kama liko mahakamani. Limalizike kwa kutamka wazi linachoomba. Kila anayetia sahihi aweke jina na namba ya kitambulisho. Hupokelewa na karani wa Bunge.

Maombi mengi hukwama kwenye lile sharti la ofisi husika. Kwa hiyo kwanza iende barua kwa Idara ya Huduma za Watoto, yenye muhuri wa kupokelewa, na nakala ihifadhiwe.

---

AfisaMstaafu_Watoto

Bunge gani, Wakili? Jedwali la Nne la Katiba linaweka elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto chini ya kaunti. Nyongeza yangu ya kijisehemu cha (1) inagusa kaunti moja kwa moja.

---

WakiliBuruburu

Basi nakala mbili, Bunge la Taifa na Seneti, zenye ombi lilelile neno kwa neno. Nitaweka rasimu iliyosahihishwa hapa chini Jumapili. Mwenye marekebisho ya lugha kwenye (4) na (6) aziweke kabla ya hapo.